Nguo zinazotukera: maswali ambayo fundi huulizwa kila siku

Nashona nguo za kike na za kiume hapa Dar es Salaam. Mteja akikaa kitini hunieleza nguo anayoitaka, kisha hunieleza nguo ambayo hataki hata kuisikia, na hiyo ya pili ndiyo huchukua muda. Nimeyakusanya hapa maswali yanayojirudia kuhusu mavazi na mitindo inayowakera watu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kutopenda nguo fulani ni haki ya mtu, na mara nyingi ana sababu ya kweli hata kama hajaipatia maneno. Ila haki hiyo ni ya mwili wako. Mwili wa mwenzako una mwenyewe.

Ni kawaida mtu mzima kuchukia nguo kiasi hiki? Kwetu wananiambia najidekeza.

Ni kawaida kabisa. Nguo inakugusa tangu asubuhi mpaka usiku, na ngozi za watu hazifanani. Wapo wasioweza kuvumilia sufu shingoni. Wapo ambao kifungo cha juu cha shati kikifungwa wanahisi wanakabwa. Wapo ambao lastiki ikiwabana kiunoni hawasikii tena unachowaambia. Na wapo ambao kinachowasumbua ni kumbukumbu: nina mteja hashoni chochote cheusi tangu alipovua nguo za msiba wa mumewe, na sijawahi kumshawishi abadili, kwa sababu hakuna cha kubadili.

Ninachomwomba mteja ni atenganishe mambo. Kinachokukera ni kitambaa, ni mshono, au ni macho ya watu? Kitambaa tunabadilisha. Mshono tunarekebisha. Macho ya watu ndiyo yenye kazi, na sehemu kubwa ya maswali yaliyo hapa chini yanatoka huko.

Zamani nilipenda vitenge. Siku hizi nikivaa nahisi nimefungiwa kwenye mfuko wa plastiki. Nimebadilika mimi au kitenge?

Kimebadilika kitenge. Kile tulichokizoea kwa mama zetu ni cha pamba, kilichotiwa nakshi kwa nta na rangi ikapenya pande zote mbili. Waholanzi wa Vlisco, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, ndio waliojulikana sana kwa vitenge vya namna hiyo Afrika, na viwanda vingi vikawafuata. Sasa ukizunguka Kariakoo utakuta majora kwa majora ya vitenge vya poliesta. Vinang'aa, havijikunji, havichuji kirahisi, na bei yake ni ya chini. Tatizo ni kwamba poliesta hainyonyi jasho. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, jasho linabaki juu ya ngozi, nguo inanata mgongoni, na jioni ina harufu ambayo sabuni haiitoi yote.

Usihukumu kwa macho wala kwa maneno ya muuzaji. Chomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa, ushike kwa kibano, uwashe kiberiti. Pamba inaungua kwa moto wa kawaida, inanuka karatasi iliyoungua, na inaacha jivu laini linalosagika kidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inanuka plastiki, na inaacha kidonge kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa cha moto. Uzi ukifanya yote mawili, ujue umechanganywa.

Kuna jambo jingine watu hulisahau: bitana. Mteja anatafuta kitenge cha pamba kwa bei kubwa, halafu ndani anawekewa bitana ya nailoni kwa sababu ni rahisi na inateleza. Kinachogusa mwili ni bitana. Mwambie fundi wako mapema kwamba unataka bitana ya pamba, na uende nayo mwenyewe kama humwamini.

Lebo za shingoni na mishono ya ndani inanikwaruza mpaka natoka vipele.

Lebo usiikate kwa mkasi ukaacha kipande. Kile kipande kinachobaki kina ncha ngumu, na kinakwaruza kuliko lebo yenyewe. Ifumue kwa kifumulio, uzi mmoja mmoja, hadi itoke nzima.

Kuhusu mishono, mara nyingi adui ni uzi wa overloki, ile mashine ya kuzuia kingo zisifumuke. Mafundi wengi tunatumia uzi wa nailoni au poliesta kwenye overloki kwa sababu haukatiki, na pale mwishoni unapokatwa unabaki na ncha inayochoma. Omba kingo zifungwe kwa utepe wa pamba, au mshono ushonwe mara mbili ili kingo zifichwe ndani. Gharama inaongezeka kidogo, lakini nguo utaivaa.

Sipendi sare za sherehe. Nikatae vipi bila kugombana na ukoo mzima?

Nikipanga maswali kwa wingi wa waulizaji, hili linashika namba moja. Harusi ina sare ya kamati, sare ya upande wa bibi harusi, sare ya mashoga zake. Kabla ya hapo kulikuwa na send-off na kitchen party, kila moja na kitambaa chake. Mtu anaweza kuwa na kabati limejaa nguo alizovaa mara moja tu, zote za rangi asizozipenda.

Nakubali kwamba sare inapendeza. Wanawake wakiingia ukumbini wamevaa kitambaa kimoja, hata mgeni anajua nani ni wa nani, na bibi harusi anaona kwa macho kwamba watu wake wamesimama naye. Hilo si jambo dogo. Ninalolipinga ni mshono mmoja kwa miili yote. Nimeletewa picha moja ya simu na kuambiwa niwashonee hivyo hivyo binti wa chuo, mama aliyejifungua juzi na shangazi anayeumwa magoti. Gauni la mabega wazi lililombana binti likampendeza, kwa shangazi linakuwa adhabu. Anakaa kitini jioni nzima akivuta kitambaa kifuani, hachezi, hali.

Kwa hiyo usikatae sare, kataa mshono. Na useme mapema, kabla kitambaa hakijanunuliwa kwa idadi ya watu. Ukisubiri mpaka wiki ya harusi, unamwongezea mwenye shughuli mzigo, na hapo atakuwa na haki ya kukasirika. Sema na mtu mmoja mwenye uamuzi, uso kwa uso au kwa simu, usiandike kwenye kundi la WhatsApp. Unaweza kusema: "Dada, kitambaa nakichukua na mchango wangu uko palepale. Ninachoomba, nikashone mshono ninaouweza." Sijaona mtu akinyimwa hilo.

Kitambaa chenyewe kikiwa ndicho kinachokukera, omba mkubaliane rangi. Vaa nguo yako ya rangi inayokaribiana, kisha upate kilemba au mtandio wa kitambaa cha sare. Picha zitatoka vizuri na wewe utakula pilau kwa raha.

Na kama tatizo ni pesa, sema ni pesa. Wapo wanaosingizia kwamba hawapendi rangi kwa kuona haya, na matokeo yake wanaitwa wenye maringo.

Wifi amenipa kanga nzuri lakini maneno yake siyapendi. Nivae?

Kanga si kitambaa tu, wifi yako anajua hivyo na wewe unajua. Maneno yalianza kuandikwa kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na tangu hapo mtu anaweza kusema kwa doti moja yale asiyoweza kuyasema kwa mdomo. Ndiyo maana mama zetu walisoma jina la kanga kwanza, wakaangalia rangi baadaye.

Ukiwa na hakika maneno ni kijembe, usivae nje. Kuvaa ni kujibu, na kuirudisha pia ni kujibu. Ikate mapazia, foronya au nguo za kubebea mtoto, upande wa maneno uende kwenye upindo. Lakini hakikisha kwanza. Watu wengi hununua kanga kwa nakshi, na wapo wauzaji wanaofunga doti kwa namna ambayo jina halionekani. Nimesuluhisha zaidi ya ugomvi mmoja hapa dukani kwa kuuliza tu, "Una hakika alisoma?"

Mwenye kutaka kutoa zawadi bila wasiwasi achukue kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi. Kisutu cha jadi mara nyingi hakina jina.

Suruali za modo zinanibana lakini kila mtu anavaa. Kuna madhara?

Kwa wengi hakuna zaidi ya alama kiunoni. Lakini suruali ikikubana kwenye nyonga na paja likaanza kufa ganzi au kuwaka upande wa nje, hapo mshipa wa fahamu unabanwa. Vua, na usirudie suruali hiyo. Mwaka 2015 madaktari wa Australia waliandika habari za mwanamke wa miaka 35 huko Adelaide, aliyechuchumaa saa nyingi akitoa vitu kabatini huku amevaa jinzi ya kubana. Miguu ilivimba, akashindwa kutembea, akaanguka, na hospitalini jinzi ikabidi ikatwe. Alipona, lakini alilazwa siku nne.

Kipimo changu ni rahisi: chuchumaa dukani kabla hujalipa. Ukishindwa, hiyo si saizi yako, haidhuru namba iliyoandikwa.

Na viatu vya mchuchumio?

Kama huvipendi, usivivae. Simpo nzuri ya ngozi inaingia ofisini, kanisani na harusini.

Kwa nini nichukie jinzi zilizopaushwa? Mbona ni mtindo tu?

Sikulazimishi uzichukie. Mimi sizipendi, na sababu yangu haihusu sura yake. Kwa miaka mingi, jinzi ya kupauka mapajani ilitengenezwa kwa kupulizia mchanga kwa mashine yenye msukumo mkubwa. Vumbi la mchanga ule linaingia mapafuni na halitoki, na mfanyakazi anapata ugonjwa wa silikosisi usio na tiba. Uturuki vijana wengi waliofanya kazi hiyo katika karakana ndogo waliugua na wengine walikufa, mpaka serikali ikaipiga marufuku mwaka 2009. Kampuni kubwa zikatangaza kuiacha. Siku hizi wengi hutumia mwanga wa leza au dawa. Ila nikiiona rangi ile, mawazo yangu yanakwenda kwa aliyeivuta hewa yake.

Jinzi za kuchanwa magotini ni jambo jingine. Hizo hazinikeri. Vijana huniletea nizichane, nami hushona mstari juu na chini ya tundu ili lisiendelee kukua.

Mimi ni mzazi. Mlegezo wa kijana wangu unanitia hasira. Kizazi hiki kimeharibika?

Mzazi mwenzangu, mlegezo hata mimi siupendi. Kijana anatembea ameshika suruali kwa mkono mmoja, hawezi kukimbilia daladala, na nguo ya ndani iko hadharani. Nina sababu zangu, na ninamwambia kila anayeniletea suruali niishushe kiuno.

Lakini kuhusu kizazi kuharibika, tukumbuke ya kwetu. Miaka ya 1970 vijana wa mjini walivaa suruali za bugaluu na pekosi zilizofagia barabara, wakapanda viatu vya raizoni, wakafuga afro. Wazee wao walisema maneno hayo hayo tunayosema leo. Kabla ya hapo, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua visionekane Dar es Salaam. Hata kabla tarehe haijafika, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo, yakisimamisha mabasi na kuwashusha waliovaa sketi fupi. Katika miaka hiyo hiyo Wamasai walikuwa wakishinikizwa waache rubega wavae suruali, ati ndiyo maendeleo. Yaani nchi moja, wakati mmoja, mmoja aliambiwa amevaa kizungu mno na mwingine aliambiwa hajavaa kizungu vya kutosha.

Nasimulia haya kwa sababu chuki ya mtindo ikipewa fimbo, wanaopigwa ni wale wale, hasa wanawake na maskini. Haikuishia 1969. Rais wa Uganda alitia saini sheria dhidi ya ponografia mwaka 2014, watu wakaiita sheria ya vimini, na wahuni wakaanza kuwavua wanawake nguo mitaani; Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vyake vikuu mwaka 2021. Nairobi, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha matatu kwa kuambiwa kavaa vibaya. Wanawake waliandamana kudai haki ya kuvaa wanavyotaka, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukaandikwa waziwazi kuwa kosa la jinai. Waliomvua walidai wanatetea heshima, na mimi sijui heshima gani inatetewa kwa kumwacha mama wa watu uchi barabarani.

Kwa kijana wako: mwambie hupendi, mwambie kwa nini, mnunulie mkanda. Weka masharti ya mezani na ya msibani, maana hayo ni ya nyumba yako. Mengine mwachie, ataacha mwenyewe akianza kutafuta kazi. Wa bugaluu waliacha.

Mwajiri ana haki ya kunipangia mavazi?

Kazini, kwa kiasi, ndiyo. Watumishi wa umma Tanzania wana waraka wa mavazi wa mwaka 2007, na benki, hospitali na shule zina taratibu zao. Soma kabla hujasaini mkataba. Ila taratibu hizi nazo zinaongozwa na ladha ya wakubwa. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya, Moses Wetang'ula, alizikataza suti za Kaunda bungeni, vazi lililobeba jina la rais wa kwanza wa Zambia na ambalo viongozi wengi wa Afrika wamelivaa kwa fahari. Zaire ya Mobutu ilikwenda upande wa pili: tai ndiyo iliyokatazwa, wanaume wakavaa abakosti, suti isiyo na tai, mpaka mwaka 1990, na vijana wa Kinshasa waliokuwa wakijipamba kwa suti za Paris walijua wanachokipinga.

Nguo za mabaka ya kijeshi ni habari nyingine kabisa. Hapo hatuzungumzii ladha. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa wananchi siku saba kusalimisha sare za jeshi na zinazofanana nazo. Ukiniletea kitambaa hicho, sikishoni.

Naona kinyaa kuvaa mitumba. Je, ninaringa?

Huringi. Kinyaa hakina cheo. Wazee walioziita nguo za "kafa Ulaya" walikuwa wakisema jambo hilo hilo: hujui aliyeivaa ni nani. Kwa nguo za ndani hata serikali inakubaliana nawe, maana Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku za mitumba.

Ila usimcheke anayevaa. Shati la pamba la mtumba la soko la Karume, Dar, au Gikomba, Nairobi, mara nyingi limeshonwa vizuri kuliko jipya la dukani la bei hiyo hiyo. Nafumua nguo kila siku, naona ndani yake. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipanga kuondoa mitumba ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vifufuke. Marekani ikatishia kuzifungia AGOA, mpango unaoruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwake bila kodi, wengine wakarudi nyuma, Rwanda ikashikilia ushuru wake na mwaka 2018 ikapoteza nafasi ya kuuza nguo Marekani bila kodi. Katika hili mimi niko upande wa Rwanda, ingawa najua wanawake wengi wanaosomesha watoto kwa robota la mitumba.

Ukiamua kujaribu, loweka kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi ya moto ndani na nje. Wengi kinyaa chao kinaisha hapo. Kisipoisha, achana nayo.

Mtoto wangu analia kila akivishwa soksi na sare ya shule.

Kabla ya kumchapa, geuza soksi ndani nje umvishe hivyo. Mara nyingi ule mshono wa vidoleni ndio unaomuumiza. Sare mpya ifue mara mbili tatu ipoe ule ugumu wa kiwandani. Watoto wenye usonji huwa na shida hii zaidi. Kama kuna dalili nyingine pia, mpeleke kwa daktari. Hata asiye na usonji anaweza kuwa na ngozi inayosikia kila kitu, naye anastahili kusikilizwa.

Mume wangu hapendi nivae dera. Anasema linanizeesha.

Dera au kijora ni vazi la raha, na nyumbani ni lako. Lakini mara nyingi wanaume wanaolilalamikia huwa wameona lile la saizi moja linaloburuzika, limechanika pindo. Leta nilipunguze urefu, niweke kamba ya kufungia kiunoni kwa ndani. Akiendelea kulalamika, hilo mlizungumze wawili, fundi hayumo.

Wewe fundi, mtindo gani huupendi?

Gauni la mkia wa samaki. Linabana mpaka magotini, halafu linafunguka chini. Mvaaji anapendeza akiwa amesimama, lakini kupanda ngazi ni shida, kupanda bajaji ni shida, na chooni anahitaji msaidizi. Naujua vizuri mshono wake kwa sababu naufumua kuurekebisha mara kwa mara: zipu inaachia palepale kwenye nyonga, kwenye kona ambapo pande mbili zinakutana. Wateja wanalitaka, kwa hiyo nalishona, na nalishona vizuri. Naweka mpasuo nyuma, napandisha sehemu ya kubana juu ya magoti kwa inchi nne, natia bitana inayovutika. Namwambia mteja ninachofikiri mara moja, wakati wa kupima, kisha nanyamaza. Gauni ni lake.

Nimeshashonewa nguo na siipendi. Nifanyeje?

Irudishe kabla hujaifua na kabla hujaivaa kwenye shughuli. Usiseme "siipendi" tu. Vaa mbele ya fundi, inua mikono, kaa, inama, kisha umwonyeshe kwa kidole panapokukera. Fundi makini huacha akiba ya kitambaa kwenye mishono ya pembeni, angalau inchi moja kila upande, hivyo kupanua kunawezekana. Shingo iliyo chini mno inaweza kuongezwa kipande. Mikono inaondolewa. Kinachoshindikana ni kurefusha nguo isiyo na upindo, na kitambaa chenyewe. Kama kitambaa ndicho kinachokukera, mpe ndugu ambaye hakimkeri, na safari nyingine nenda na kiberiti dukani.